SOMO: KUPASULIWA MAZIWA YA KIFUANI, KWA UGONJWA NA KWA UZURI



Somo letu la leo ni juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, na kwa haya hiyo wako wanawake waumiao miaka mingi nao wamenyamaza. Haya ni katika imani, lakini haya yenye kumzuia mtu kuuliza si katika dini. Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza. Na wazee wetu wamesema: Mficha maradhi kilio humuumbua.

Kwanza tufahamu kuwa hapa pana kazi mbili. Moja ni kuyapunguza maziwa: daktari huondoa mafuta, nyama na ngozi iliyozidi, na chuchu akaipandisha juu. Ya pili ni kuyainua: huondolewa ngozi iliyolegea, na ukubwa haubadiliki sana. Kazi hizi hukaribiana, lakini sababu zake mara nyingi ni mbali mbali, na hukumu hufuata sababu.

Maziwa yaliyo mazito kupita kiasi huumiza shingo, mabega na mgongo. Kamba za sidiria hukata mabega zikaacha alama. Chini ya ziwa hukaa jasho, hasa katika joto letu la pwani, ngozi ikachubuka na kutoka vipele. Mwenye hali hii hatafuti uzuri, atafuta dawa.

HUKUMU YAKE

Wako wasemao kuwa kila kupasuliwa huku ni kugeuza umbo la Mwenyezi Mungu. Hoja yao ni Hadithi ya Ibn Masud, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya kulaaniwa wanawake wachanjao chale na watengao meno. Hadithi ni sahihi, lakini ndani yake imetajwa sababu, nayo ni kutafuta uzuri. Na Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Arfaja bin As'ad, aliyekatika pua vitani, atie pua ya dhahabu ile ya fedha iliponuka, hali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Haya wameyapokea Abu Daud na Tirmidhi. Kuondoa madhara, basi, si sawa na kufuata matamanio. Na ndivyo lilivyopambanua Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007.

Maziwa kushuka kwa uzazi na umri ni maumbile, si ila. Mwenye kutaka kupasuliwa ili arejee ujana tu, na ajiulize anamfuata nani. Wala mume asimlazimishe mkewe kwa ajili ya macho yake, wala asimzuie aliye mgonjwa kwa kuwa yeye alipenda umbo lile.

Wala asiseme mtu kuwa haya ni mambo ya Kizungu. Tabibu Abul-Qasim Al-Zahrawi wa Andalus, aliyekufa mwaka 1013, alieleza katika kitabu chake At-Tasrif namna ya kuwapasua wanaume waliovimba maziwa mfano wa wanawake.

KABLA YA KUPASULIWA

1. Atafutwe daktari mwanamke; asipopatikana, dharura ina hukumu yake, na asikae peke yake na mwanamume.
2. Amweleze daktari dawa zote anazotumia, hata za miti shamba na aspirini, kwani nyingine huzidisha kutoka damu. Avutaye sigara aache wiki kadhaa kabla, maana sigara huzuia kidonda kupona.
3. Ajue ya kupotea: huenda chuchu ikafa ganzi, huenda asiweze kunyonyesha sawasawa, na makovu hayaondoki kabisa. Anayetaraji kuzaa karibuni ni bora angoje.

BAADA YAKE

Siku za kwanza ni za maumivu na uvimbe. Sidiria ya kushikilia huvaliwa usiku na mchana kwa wiki kadhaa. Asiinue kitu kizito, hata mtoto wala ndoo ya maji, kwa muda wa wiki 4 hadi 6, au kama atakavyoamriwa. Hapa ndipo watu wa nyumbani hujulikana: kumpasua ni kazi ya daktari, kumpumzisha ni kazi yetu. Umbo hutulia baada ya miezi, na makovu hufifia kwa mwaka au zaidi.

Akiona homa, usaha, wekundu unaoenea, ziwa moja kuvimba ghafla, mguu kuvimba au pumzi kumbana, aende hospitali saa ile ile, asingoje asubuhi.

Ama ibada, dini ni nyepesi. Asiyeweza kusujudu huswali kwa ishara, na bandeji hupakwa maji juu yake. Ramadhani ikimkuta mgonjwa, atafungua na atalipa.

Basi tusimcheke aliyejitibu, wala tusimsukume aliye mzima kwenye kisu. Mwili ni amana: kuutibu ni kuilinda, na kuuchezea ni kuihini.

Wallahu aalam.