Kuunganisha Picha Mbili Pasipo Kuonekana Mshono

Natuchukue mfano wa ngalawa iliyopigwa picha Forodhani, Mjini Unguja, wakati wa jioni, nasi twataka kuihamishia katika picha ya bahari ya Makunduchi. Tukiikata kwa ukingo mkali, itaonekana kama karatasi iliyobandikwa. Katika picha halisi, nukta za ukingoni huchanganya rangi mbili. Tuseme mwanga wa tanga ni 220 na wa bahari ni 100, katika kipimo cha 0 hadi 255. Nukta iliyo nusu tanga itakuwa 160. Iliyo robo tanga, 130. Programu ya kuhariri picha huulainisha ukingo kwa hesabu iyo hiyo. Nukta chache zatosha. Zikizidi, tanga hugeuka ukungu.

Lakini hesabu haisahihishi jua. Forodhani jua huzama upande wa baharini, hivyo ubavu wa ngalawa unaoelekea pwani huwa gizani. Makunduchi, iliyo kusini-mashariki mwa kisiwa, jioni jua huwa nyuma ya mtazamaji, na ubavu huo hung'aa. Mvuvi wa huko atalitambua kosa kabla ya fundi wa picha. Ngalawa yetu yafaa kuwekwa katika picha ya Makunduchi ya asubuhi, jua lingali chini juu ya bahari.