Ukisahau tembe ya kupanga uzazi, fanya hivi

Mama amesafiri kwenda mashambani kwa mazishi. Alidhani angerudi kesho yake, lakini shughuli zikachukua siku nne. Pakiti ya tembe zake za kupanga uzazi ilibaki nyumbani, juu ya kabati. Anaporudi anaitazama na kujiuliza: nizimeze zote nne kwa pamoja? Nianze pakiti nyingine? Au nimekwisha chelewa?

Maswali kama haya huwasumbua akina mama wengi, lakini wengi huona haya kumwuliza muuguzi kwa kuogopa kukemewa. Msomaji, usione haya. Kusahau ni jambo la kibinadamu. La muhimu ni kujua mapema la kufanya, kwani kuna makosa yasiyo na madhara na kuna yale yanayoweza kukuletea mimba usiyoitarajia.

TEMBE ZINAVYOFANYA KAZI

Pakiti ya kawaida huwa na tembe 28. Kati ya hizo, 21 zina homoni mbili, estrojeni na projestini. Saba za mwisho, ambazo mara nyingi ni za rangi ya kahawia, hazina homoni. Kazi yake ni kukusaidia usipoteze hesabu ya siku, na nyingi zina madini ya chuma.

Homoni hizo huzuia ovari zisikomaze yai. Unapomeza tembe kila siku, ovari ni kama zimelala. Katika wiki ya tembe za kahawia huanza kuamka polepole, lakini siku 7 hazitoshi yai kukomaa. Unapoanza pakiti mpya, zinalazwa tena.

Kutokana na haya utaona kwamba kosa la hatari zaidi ni kuzirefusha siku hizo 7. Anayechelewa kuanza pakiti mpya, au anayesahau tembe kadhaa mwanzoni mwake, yuko hatarini kuliko yule aliyesahau katikati.

UKISAHAU TEMBE MOJA

Imeze mara tu unapokumbuka, kisha umeze ya leo kwa wakati wake wa kawaida, hata ikiwa utameza mbili siku moja. Huhitaji kinga nyingine. Ukisahau tembe ya kahawia, itupe na uendelee na inayofuata.

UKISAHAU MBILI AU ZAIDI

Ikiwa umekosa tembe mbili au zaidi mfululizo kati ya zile zenye homoni, fanya hivi:

1. Meza mara moja tembe ya mwisho uliyoikosa. Zile nyingine ulizokosa ziache. Usizimeze zote kwa pamoja, kwani utapata kichefuchefu bure.

2. Endelea kumeza moja kila siku kama kawaida.

3. Tumia mipira ya kondomu, au msikutane na mume wako, hadi utakapokuwa umemeza tembe zenye homoni siku 7 mfululizo.

4. Ikiwa ulisahau katika wiki ya tatu, maliza tembe zenye homoni, zitupe zile za kahawia na uanze pakiti mpya siku inayofuata. Huenda usipate hedhi mwezi huo. Usishtuke.

5. Ikiwa ulisahau katika wiki ya kwanza, au ulichelewa kuanza pakiti, na mlikutana katika siku 5 zilizopita bila kinga, huenda ukahitaji tembe ya dharura. Tutaieleza hapa chini.

Ukitapika kabla ya muda wa saa 3 kupita tangu umeze tembe, meza nyingine.

MAMA ANAYENYONYESHA

Kuna tembe zenye projestini peke yake, ambazo hupewa sana akina mama wanaonyonyesha. Nyingi kati ya hizi zinadai saa zitimizwe sawasawa. Ukichelewa kwa muda wa saa 3 au zaidi, meza mara moja, endelea kama kawaida, na utumie kondomu kwa siku 2. Ikiwa mtoto hajatimiza miezi 6, ananyonya maziwa yako tu usiku na mchana, na hedhi haijarudi, kunyonyesha kwenyewe kunakupa kinga.

SINDANO

Sindano inayotumiwa na wengi hudungwa kila baada ya miezi 3, yaani wiki 13. Ukidungwa tarehe 2 Machi, siku yako ni tarehe 1 Juni. Ukichelewa kwa muda usiozidi wiki 4, yaani hadi tarehe 29 Juni, bado unaweza kudungwa bila kinga ya ziada. Hata hivyo, wiki hizo ni za dharura, zisiwe mazoea.

Ukizipita wiki hizo 4, nenda kliniki hata hivyo. Muuguzi akihakikisha kwamba huna mimba atakudunga, nawe utatumia kondomu kwa siku 7. Ukijua utakuwa safarini, unaweza kudungwa hata wiki 2 kabla ya siku yako. Sindano ya miezi 2 ni tofauti: hiyo usiichelewe kupita wiki 2.

TEMBE YA DHARURA

Hii ni ile ambayo wengi huiita P2, na huuzwa katika maduka ya dawa. Imeze haraka iwezekanavyo, vyema kabla ya muda wa saa 72. Hufanya kazi hadi siku ya 5, lakini nguvu zake hupungua kadiri unavyokawia. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga. Huchelewesha yai lisitoke. Baada yake rudia tembe zako za kila siku, na utumie kondomu kwa siku 7. Njia yenye nguvu zaidi ni koili ya shaba, ambayo daktari au muuguzi aweza kuitia katika siku hizo 5.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Rifampisini inayotibu kifua kikuu, na baadhi ya dawa za kifafa, hupunguza nguvu za tembe. Mweleze daktari dawa zote unazotumia.

Ikiwa hedhi haikuja na una wasiwasi, pimwa mimba wiki 3 baada ya siku mliyokutana bila kinga. Ukipatikana na mimba, acha tembe. Zile ulizokwisha meza hazitamdhuru mtoto.

Na mama yetu aliyetoka matangani? Ikiwa alikuwa wiki ya pili, na alikuwa amemeza tembe zote za wiki ya kwanza, atameza moja sasa, aendelee na pakiti yake, na atumie kondomu kwa siku 7. Akiwa na shaka, amwone muuguzi.

Safari nyingine, atie pakiti mkobani pamoja na kitambulisho. Nyumbani, ameze tembe saa ile ile kila siku, tuseme baada ya chakula cha jioni, au atege kengele ya simu. Akiona bado anasahau kila mara, aulize kuhusu sindano, koili au vijiti vya mkononi, ambavyo hukaa miaka 3 au 5. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.