ELIMU YA UZAZI SHULENI: WOTE TUNAIFUNDISHA, HAKUNA ANAYEIFUNDISHA

Wanachuo wenzangu, hasa nyie wa ualimu mnaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, kuna mada ikifika zamu yake mwalimu ghafla anakumbuka ana kikao. Ni mada ya uzazi. Wanafunzi wanaambiwa, "Hiyo mtajisomea nyumbani." Nyumbani nako wazazi wanaamini shule inafundisha. Mtoto anabaki na simu na washkaji zake.

Matokeo tunayaona. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata ujauzito. Mwaka 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi waliojifungua warudi shule, na hilo ni jema. Lakini hiyo ni tiba. Kinga iko wapi?

Somo lake au kuchopeka?

Njia ya kwanza ni kuwa na somo linalojitegemea, lenye kipindi na mwalimu wake. Ya pili, ambayo ndiyo tuliyoizoea, ni kuchopeka mada hizi ndani ya masomo mengine. Faida yake ni kwamba ratiba haijazi masomo mapya. Hasara yake ni kwamba mwalimu wa Baiolojia anafundisha viungo na kuishia hapo, na mwalimu wa maadili anasisitiza nidhamu na kuishia hapo. Swali lenyewe la mtoto, "Mtu mzima akinishika vibaya nimwambie nani?", linadondoka katikati. Na tuseme ukweli: kisichotoka kwenye mtihani hakifundishwi.

Tatizo la maneno

Kiswahili kina maneno safi: uke, uume, hedhi, mirija ya uzazi. Sisi tunasema "kule chini". Sekondari mwanafunzi anakariri majina hayo kwa Kiingereza, anapata alama zake, lakini hawezi kumweleza nesi anaumwa wapi. Mtoto asiye na jina la kiungo atashtakije aliyemgusa?

Wengine watasema huu ni uhuni wa kuletewa. Jamani, unyago na jando vililetwa na nani? Pwani mwanamke anayemfunda mwali huitwa somo, neno hilohilo tunaloliandika kwenye ratiba. Wazee walijua kuna mambo mtoto hujifunza kwa mtu maalumu, kwa wakati wake. Hata mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018 hupanga mada kwa umri: wa miaka 5 hadi 8 huanza na majina ya viungo na haki ya kukataa kuguswa. Mwongozo huo pia unaeleza kuwa tafiti hazionyeshi kwamba elimu hii huwaharakisha watoto kufanya ngono.

Tufanyeje?

Kwanza, kuchopeka kuendelee, ila kila shule iwe na mwalimu mmoja anayewajibika kuona mada zote zimefundishwa. Pili, maswali yatoke kwenye mtihani. Tatu, wazazi waitwe waone kitakachofundishwa kabla hakijafundishwa. Fununu ndizo zinazoleta kasheshe.

La nne ni letu. Kwenye kozi za mbinu za kufundishia tunafanya mazoezi ya kufundisha sehemu na milinganyo. Tudai kufanya mazoezi ya kufundisha hedhi pia, mbele ya wenzetu, mpaka kicheko kiishe. Ukishindwa kulitamka neno mbele ya wanachuo, mbele ya watoto themanini utaliweza?