SOMO: USINGIZI NA DAWA ZA KICHINA

Hapa Nzilo na Kolwezi wako watu wengi wasiolala vema. Mmoja hufanya kazi ya usiku mgodini, na mchana watoto wanapiga kelele. Mwingine yuko kitandani akihesabu madeni. Tena, tangu Kongo ilipopatana na kampuni za Kichina mwaka 2008, Wachina wengi wamekuja kufanya kazi kwetu, na watu wanauliza: Je, dawa yao ya usingizi ni njema? Na tujibu pole pole.

1. Wanafundisha nini?
Waganga wa Kichina wa desturi ya kale husema ya kwamba moyo ndio nyumba ya fahamu ya mtu, nayo huiita shen. Mchana shen hufanya kazi; usiku hupumzika katika damu. Damu ikiwa dhaifu, au moto ukizidi moyoni kwa hasira na mashaka, au tumbo likijaa mno, shen haipati raha. Kwa hiyo mganga huuliza kwanza: Unakawia kupata usingizi, au unaamka katikati ya usiku? Unaota sana? Unakula nini? Hutazama ulimi, tena hupima mshipa wa mkono kwa vidole vitatu.

2. Wanatibu namna gani?
Huchoma sindano nyembamba sana, mara nyingi penye kifundo cha mkono, upande wa kidole kidogo. Tena huchemsha mbegu za mti wa jamii ya mkunazi, dawa iliyoandikwa na mganga Zhang Zhongjing yapata miaka 1,800 iliyopita. Wachunguzi wamezipima dawa hizi. Wagonjwa wengine walipata nafuu, lakini uchunguzi mwingi ni dhaifu, haujatosha kuwa ushuhuda.

3. Hatari iko wapi?
Dawa nyingine za kale za usingizi zina zhusha, jiwe jekundu lenye zebaki. Sisi watu wa migodi twajua ya kwamba jiwe zuri laweza kuficha sumu. Zebaki huharibu ubongo na mafigo.
Hata hivyo tusidharau elimu yao. Artemisinini, dawa ya malaria, ilitoka katika mmea wa Kichina, na Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini dawa hiyo ilisafishwa na kupimwa kwanza.

4. Imetupasa kufanya nini?
Tuige maswali yao: tutafute sababu kabla ya dawa.
Lala na kuamka kwa saa zile zile. Ukifanya kazi usiku, funika dirisha kwa nguo nzito, na watu wa nyumbani wakuache upumzike.
Acha kahawa na chai kali saa nyingi kabla ya kulala. Pombe huleta usingizi wa kukatika-katika.
Usinunue vidonge vya usingizi sokoni, viwe vya Kichina au vya Kizungu. Kama umekwisha kuvinunua, vilete pamoja na karatasi yake, hatutakugombeza.
Ukikosa usingizi mwezi mzima, njoo hospitali. Ukiwa na homa, au pumzi inakatika, au huzuni hata unatamani kufa, njoo leo.

Maswali
1. Mganga wa Kichina huuliza nini kabla ya kutoa dawa?
2. Kwa nini zhusha ni hatari?
3. Nyumbani mwako, ni nani asiyelala vema, na kwa sababu gani?