Watumwa wa Pangani Walipodai Utu Wao

Ndugu msomaji, wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba biashara ya watumwa katika pwani yetu ilikomeshwa kwa kalamu. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said wa Unguja alitia sahihi mkataba na Waingereza, watumwa wakakatazwa kusafirishwa baharini, na soko la Mkunazini likafungwa. Habari hiyo ni kweli, lakini haijakamilika. Mwaka huo huo, watumwa wa Pangani walitoa hukumu yao wenyewe.

Kusini ya milima ya Amani, Mto Pangani unaingia baharini. Katika bonde lake matajiri wa Kiomani walifungua mashamba ya miwa. Desturi ya pwani ilimpa mtumwa wa shamba kipande cha ardhi na siku za kujilimia chakula chake. Lakini miwa haingoji: ikishakatwa hukamuliwa upesi na maji yake kuchemshwa yawe sukari. Kazi hiyo iliimeza desturi, na haki ndogo aliyokuwa nayo mtumwa ikapotea. Basi mwaka 1873 watumwa waliasi, wakayaacha mashamba, wakajitafutia makazi yao wenyewe.

Zingatia, ndugu, kwamba watu hawa hawakutamani tu kurudi bara walikotekwa. Walitaka kuhesabiwa kuwa watu wa pwani, wenye heshima kama wengine.

Je, uasi kama huo waweza kuitikisa biashara? Naam. Mnunuzi hutoa fedha akiamini kwamba aliyenunuliwa atakaa kama mali. Mtumwa anapokataa, imani hiyo huvunjika. Huko Haiti watumwa waliinuka mwaka 1791. Mwaka 1794 Ufaransa ikatangaza kufuta utumwa katika makoloni yake, na mwaka 1804 Haiti ikawa taifa huru. Pangani haikupata ushindi wa namna hiyo, lakini iligusa mahali ambapo mkataba haukufika. Mkataba ulifunga bahari, shamba haukuligusa. Misafara ya nchi kavu ilipigwa marufuku mwaka 1876, na utumwa wenyewe ukaendelea kutambuliwa na sheria Unguja hadi 1897, na Tanganyika hadi 1922.

Mwenye kuitafuta dini atauliza: je, mabwana hao hawakuwa Waislamu? Walikuwa Waislamu, wala haifai kulificha jambo hilo. Lakini tuwapime kwa Kitabu walichokisoma. Katika Sura Al-Balad, Kurani Tukufu inakutaja kumwacha huru mtumwa kuwa ndiko kupanda njia ngumu ya mlimani. Katika Sura An-Nur, bwana anaamriwa kumwandikia hati ya uhuru mtumwa anayeiomba, ikiwa anaona wema ndani yake, na tena ampe sehemu ya mali aliyojaliwa na Mwenyezi Mungu. Aliyemnyima mtumwa hata siku zake za kujilimia alikuwa mbali sana na amri hiyo. Basi kosa la bwana lisiandikwe juu ya Kitabu ambacho yeye mwenyewe alikihalifu.

Nasi tujihadhari. Hati za utumwa zimekwisha, lakini yupo mtumishi wa nyumbani asiye na siku ya mapumziko, na kibarua anayecheleweshewa ujira wake. Kabla ya kuwahukumu mabwana wa Pangani, tuangalie milango yetu wenyewe.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waadilifu. Amin.