KALAMU ILIYOCHONGWA KWA MKONO

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Kila mwaka jarida letu hujaa makala za ngeli, methali na uhakiki wa riwaya, na hayo yote ni mazuri. Mwaka huu nimeonelea nizungumzie chombo ambacho sote tunakishika kuanzia asubuhi hadi jioni na hakuna anayekitazama. Nazungumzia kalamu. Si biro ya kununua dukani, kutafuna kifuniko na kutupa wino ukiisha. Nazungumzia kalamu iliyotengenezwa kwa mkono na fundi mmoja, na kwa nini kuna watu wanaozikusanya kalamu hizo kama wengine wanavyokusanya stempu.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha. Kalamu ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, nao Waarabu wana uhusiano na neno la Kigiriki la kale ambalo maana yake ni tete, lile jani refu lenye shina wazi linaloota kandokando ya maji. Kwa hivyo ukisema "kalamu ya tete" ni kama umesema tete la tete! Neno hilo lilitembea kutoka pwani hadi bara. Hapa Kinoo ukimwuliza nyanya yeyote kwa Gikuyu atakwambia karamu, maana Gikuyu hakina sauti ya l. Karatasi nalo limepitia njia hiyohiyo ya Kigiriki na Kiarabu. Lakini tete lilikuwa kalamu kabla ya chuma na plastiki, na ni hapo ambapo hadithi yangu inapoanzia.

Kabla ya Kiswahili kuandikwa kwa herufi tunazotumia leo, watu wa pwani walikiandika kwa herufi za Kiarabu. Mwalimu wetu hututajia Utendi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani, uliotungwa Pate mwaka 1728. Hebu jiulize: beti zaidi ya elfu moja, na hakuna mashine ya kuchapa. Kila nakala iliandikwa na mtu aliyeketi na kidau cha wino. Katika kisiwa hichohicho cha Pate kuna mji wa Siyu, ambao katika karne za 18 na 19 ulisifika kwa kunakili Misahafu kwa mkono, kwa wino mweusi na mapambo mekundu. Baadaye Lamu ilimpata Muhamadi Kijumwa, aliyezaliwa mnamo 1855 hivi na kufariki 1945. Yeye alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchonga mbao na mwandishi wa hati nzuri ajabu. Wataalamu wa Kizungu walimlipa awanakilie tenzi, na leo hati zake ziko London na Ujerumani.

Sasa jambo la kustaajabisha ni hili. Mwandishi wa zamani hakununua kalamu, aliichonga. Kisu kilikuwa chombo cha kazi yake sawa na wino. Tena si kuchonga mara moja tu. Tete huchakaa, ncha inakuwa butu na mistari inanenepa, basi anaikata upya. Kalamu inaendelea kufupika siku baada ya siku mpaka inakuwa kipande kisichoshikika. Ndiyo maana hati zimebaki nyingi na kalamu zilizoziandika ni chache mno. Kalamu ililiwa na kazi yake yenyewe. Mtu anayetaka kukusanya kalamu za waandishi wa Siyu itambidi azitafute ndani ya mistari waliyoacha kwenye karatasi.

Na zinapatikana humo, ukijua kutazama. Ncha ya tete haichongwi ikawa kali kama sindano. Hukatwa bapa, kama patasi ndogo, na mara nyingi kwa mshazari. Ukiivuta upande mmoja inatoa mstari mnene, ukiivuta upande mwingine inatoa mstari mwembamba. Mwandishi habonyezi wala hachori mara mbili, ni mwelekeo wa mkono tu. Baghdad aliishi bwana mmoja aitwaye Ibn Muqla, aliyefariki mwaka 940, ambaye aliweka kanuni za ukubwa wa herufi za Kiarabu kwa kutumia nukta inayotolewa na kalamu yenyewe. Urefu wa alifu ni nukta kadhaa, upana wa herufi fulani ni nukta kadhaa. Kwa maneno mengine rula ilikuwa ndani ya kalamu. Ukikata ncha pana herufi zote zinakua pamoja, ukikata nyembamba zote zinapungua, na uzuri unabaki uleule. Mimi nilipoelewa jambo hili niliacha kudhani kwamba mwandiko mzuri ni kipawa cha kuzaliwa nacho tu. Nusu yake iko kwenye kisu.

Tete lina udhia mmoja, nao ni kuchovya. Unaandika maneno machache, wino unaisha, unarudi kidauni, na shati linaipata. Watu walitafuta dawa ya udhia huu tangu zamani sana. Katika karne ya 10 Khalifa al-Mu'izz wa Wafatimi, ambaye jemadari wake ndiye aliyeanzisha mji wa Kairo mwaka 969, alitaka kalamu inayobeba wino wake ndani, isiyochafua mkono, na ukiipindua isivuje. Kadhi wake, al-Nu'man, aliandika kwamba fundi aliitengeneza kwa dhahabu na ikafanya kazi kama ilivyoagizwa. Kalamu hiyo nayo haipo. Tunayo maneno yake tu. Ilibidi dunia ingoje hadi mwaka 1884, Lewis Waterman wa New York alipopewa hataza ya kalamu ya wino iliyotiririsha vizuri.

Wengi wetu tumewahi kuona kalamu ya wino ya babu au ya mwalimu mzee, lakini inafanyaje kazi? Ncha yake ni bamba dogo la chuma au la dhahabu ya karati 14, lina ufa katikati, na mwishoni kuna punje ya madini magumu ili isisagike haraka kwenye karatasi. Chini ya ncha kuna kipande chenye mifereji myembamba sana. Wino hupita kwenye mifereji hiyo ukielekea nchani, na hewa hupita kinyume ikiingia tumboni kujaza nafasi iliyoachwa. Hewa isipoingia, wino hautoki hata kalamu ikiwa imejaa. Hewa ikiingia kwa wingi, kalamu inatapika. Mwalimu wa Fizikia atawaambia kwamba wino unavutwa na wembamba wa njia, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Tazameni sasa ule ufa wa katikati. Ni ufa uleule ambao mwandishi wa Siyu alipasua kwenye tete lake kwa kisu! Waterman na wenzake waliongeza ghala la wino nyuma yake.

Kalamu nyingi za wino hutoka viwandani, na baadhi ni nzuri. Lakini wapo mafundi wachache wanaozitengeneza moja moja. Mfano ninaoupenda uko ng'ambo ya pili ya bahari yetu, India, katika mji wa Rajahmundry. Huko K.V. Ratnam alianza kutengeneza kalamu miaka ya 1930, wakati Gandhi alipokuwa akiwahimiza Wahindi watumie vitu vya kwao badala ya vya Waingereza. Ratnam alimpelekea Gandhi kalamu, na mwaka 1935 Gandhi akamwandikia barua kumshukuru. Basi kalamu ile ilikuwa pia siasa. Kalamu za aina hiyo hukerezwa kwa eboniti, yaani mpira uliopikwa pamoja na salfa mpaka ukawa mgumu kama pembe. Fundi anakifunga kijiti cha eboniti kwenye kerezo, anakitoboa tumbo, anakata hesi za kifuniko, kisha anasugua na kusugua mpaka kinang'aa. Mteja akitaka nene anapata nene, akitaka fupi anapata fupi.

Mtu akikupa kalamu ya namna hii na kusema imetengenezwa kwa mkono, usiseme tu "eh, ni poa." Ikague. Igeuze polepole kwenye mwanga uone kama mwili wake una mawimbi. Fungua kifuniko usikie kama hesi zinakwaruza. Isugue kwa kidole gumba kisha inuse, eboniti hutoa harufu kidogo ya salfa. Kama ni ya zamani na imekaa juani, weusi wake utakuwa umegeuka rangi ya kahawia, na hilo si kasoro, ni umri. Tazama ncha kutoka mbele: pande mbili za ufa ziwe sawa, moja isipande juu ya nyingine. Mwisho, andika namba nane mara nyingi bila kubonyeza hata kidogo. Kalamu nzuri haihitaji nguvu, uzito wake unatosha.

Kuhusu bei, si mchezo. Ya mkono ni maelfu ya shilingi, na zenye ncha ya dhahabu hufika hata makumi ya maelfu. Wanaokusanya huzitunza kwenye masanduku yenye vitambaa laini. Hapa nitasema maoni yangu, na asiyekubaliana nami aniandikie jibu katika toleo lijalo. Mtu mwenye kalamu hamsini zisizowahi kutiwa wino ana sanduku tu. Kalamu ya wino hukauka isipotumiwa, mifereji inaziba, na ncha isiyoandika haizoei mkono wa mtu. Marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya sanaa, vitabu na stempu maisha yake yote, na leo sisi wa Kinoo tunaweza kupanda matatu hadi mjini tukaziona sehemu ya hazina zake katika jumba la Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Moi Avenue. Hivyo ndivyo kukusanya.

Biro sitaisema vibaya, maana hata rasimu ya makala haya nimeiandika nayo. Jina lake ni la mtu, László Bíró wa Hungaria, aliyepata hataza yake mwaka 1938, na mwaka 1950 Mfaransa Marcel Bich akaleta ile ya plastiki inayoonyesha wino ndani. Iliwapa kalamu watoto ambao wasingeweza kununua kidau. Ila biro haimjui anayeiandikia. Jirani yangu wa dawati huandika kwa mkono wa kushoto. Yeye huisukuma kalamu pale ambapo sisi tunaivuta, na tangu shule ya msingi aliambiwa mwandiko wake ni wa kuku. Muhula uliopita tulipochonga kalamu za mwanzi, yake tuliikata mshazari kinyume na zetu. Aliandika jina lake lote, mistari minene na myembamba, bila kukwaruza karatasi. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akaliandika tena, mara tisa.

Kwa wanaotaka kujaribu, mwanzi unafaa badala ya tete. Chukua kipande kikavu, kinene kama kidole chako cha mwisho, urefu wa shubiri, kisicho na kifundo upande wa ncha. Kata mwisho mmoja kwa mteremko wa sentimita tatu hivi, kisu kikielekea mbali nawe. Kwangua nyama laini ya ndani mpaka ubaki ukuta mgumu. Punguza pande zote mbili ili ncha iwe na mabega. Pasua ufa katikati kwa wembe, usizidi sentimita moja na nusu. Sasa laza ncha juu ya kitu kigumu. Waandishi wa Kiarabu walitumia kipande cha mfupa au pembe, sisi tulitumia kigae. Bonyeza kisu mara moja, taf! Ukikata kwa kusitasita ncha inachanika na itabidi uanze tena.

Wino wa dukani ni mwepesi mno kwa mwanzi, unadondoka. Tulikwangua masizi ya koroboi tukayasaga na gundi inayotoka kwenye shina la mwati, iliyoloweshwa maji usiku mzima. Gundi ikiwa kidogo wino unafutika kwa kidole, ikiwa nyingi unakauka kalamuni. Tulipata kiasi chake siku ya tatu.

Chama kitachonga tena Alhamisi ya pili ya muhula ujao, baada ya masomo. Mtakaokuja njooni na mwanzi uliokwisha kukauka, maana mbichi ukipasuliwa leo kesho ufa umeachama. Walimu pia wanakaribishwa. Vigae vipo, na masizi tunayo mkebe mzima.