SOMO LA HISABATI: VIGAWO, VIGAWE NA NAMBA TASA KATIKA KUGAWA MIRATHI



Ndugu wanafunzi, baadhi yenu hudhani kwamba hisabati ni somo la shule tu na halina nafasi madrasa. Dhana hiyo si sahihi. Mwanachuoni Al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra kwa ajili ya hesabu za wasia na mirathi. Leo tutaona sababu yake kwa mfano wa hapa kwetu.

Kwanza tukumbushane maana.

Kigawo ni namba inayoigawa namba nyingine bila kubakisha. Vigawo vya 6 ni 1, 2, 3 na 6.

Kigawe hupatikana kwa kuzidisha. Vigawe vya 6 ni 6, 12, 18, 24 na kuendelea.

Namba tasa ina vigawo viwili tu: 1 na yenyewe. Mfano ni 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17. Namba 1 si tasa, kwani ina kigawo kimoja tu. Na katika namba shufwa zote, 2 peke yake ndiyo tasa.

Sasa tuchukue mfano. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Geita, amefariki. Ameacha mke, mama mzazi, watoto wa kiume wawili na binti mmoja. Baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, zimebaki shilingi 12,000,000. Kila mrithi apate ngapi?

Kwa mujibu wa Surat An-Nisaa, aya ya 11 na 12, kwa kuwa marehemu ana watoto, mke hupata thumuni (1/8) na mama hupata sudusi (1/6). Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja.

Hatua ya kwanza: tutafute Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha 8 na 6. Vigawe vya 8 ni 8, 16, 24. Katika hivyo, cha kwanza kilicho pia kigawe cha 6 ni 24. Basi mali iwe mafungu 24. Mke 3, mama 4, yanabaki 17.

Hatua ya pili: watoto wana mafungu 2 + 2 + 1, yaani 5. Je, 17 inagawanyika kwa 5? Tuichunguze 17. Haigawanyiki kwa 2 wala kwa 3. Hatuna haja ya kuendelea, kwani 5 x 5 ni 25, nayo imeshapita 17. Kwa hiyo 17 ni tasa, na haina kigawo cha shirika na 5 isipokuwa 1.

Hatua ya tatu: kwa sababu hiyo tunazidisha 24 kwa 5, tunapata mafungu 120. Mke 15, mama 20, kila mtoto wa kiume 34, binti 17. Jumlisha: 15 + 20 + 34 + 34 + 17 = 120. Hakuna kilichobaki wala kilichopungua.

Kila fungu ni shilingi 100,000. Mke apewe 1,500,000, mama 2,000,000, kila mtoto wa kiume 3,400,000, na binti 1,700,000.

Ndugu wanafunzi, mchimbaji hakubali dhahabu yake ikadiriwe kwa macho. Hutaka ipimwe kwenye mzani. Vipi basi mirathi yake igawiwe kwa kukadiria? Wazee wakigawa kwa makisio, aghalabu wanaopunjwa ni mjane na binti, ambao hawana sauti kwenye kikao. Siku moja mtaitwa nyinyi kwenye kikao hicho. Nendeni na kalamu.

ZOEZI
1. Mwanamke wa Kahama amefariki, ameacha mume (1/4), mama (1/6) na watoto wa kiume wawili. Mali igawiwe mafungu mangapi?
2. Je, 119 ni namba tasa?

MAJIBU
1. KDS ni 12: mume 3, mama 2, yanabaki 7. Namba 7 haigawanyiki kwa 2, hivyo 12 x 2 = 24: mume 6, mama 4, kila mtoto 7.
2. Hapana, kwani 7 x 17 = 119.